Rozela Mtwara na Lindi: panda mapema, anika mbali na salfa

Wengi wanaolalamika kuwa rozela zao, mmea wa juisi nyekundu, hazizai walikosea siku ya kupanda. Mmea huu hufuata urefu wa mchana. Huku kusini mchana huwa mrefu Desemba, kisha hupungua, na ikifika Machi na Aprili rozela huchanua, iwe kubwa au ndogo. Aliyepanda Desemba, mvua ziliposhika, atakuwa na kichaka chenye matawi mengi. Wa mwisho wa Februari atavuna vijiti.

Mchanga wa Newala unaifaa, na wa Nachingwea pia, mradi maji yasituame. Usiipande chini ya mikorosho iliyokwisha funga kivuli. Kati ya miche michanga, sawa. Wala usiipande palipotoka bamia: ni ndugu, na minyoo fundo hushambulia mizizi ya zote mbili.

Weka mbegu tatu kwa shimo, kina cha sentimita 2 hadi 3, nafasi ya mita 1 kwa mita 1. Miche ikishika, bakiza mmoja. Ukifika magotini, kata ncha, maana kila tawi jipya ni mahali pa maua. Samadi kidogo yatosha. Ukizidisha mbolea ya kukuzia utapata majani, ambayo machanga yake ni mboga chachu nzuri, lakini juisi hutapata.

Ua lenyewe, la manjano hafifu na moyo wa damu ya mzee, hudumu siku moja tu. Tunachouza ni kikombe chekundu kinachobaki na kunenepa kulizunguka tunda. Kichume ndani ya wiki tatu hivi baada ya ua kuanguka, kikiwa bado kinavunjika kwa vidole. Ukichelewa kinakuwa na nyuzi, na utahitaji kisu. Kutoa tunda la mbegu, noa mdomo wa kipande cha bomba chembamba, sukuma kuanzia kwenye kikonyo. Tunda hutoka zima, kikombe hakipasuki.

Kilo 10 mbichi hutoa karibu kilo 1 kavu. Anika kivulini, juu ya chanja, kamwe si chini: mchanga hauoshiki tena. Na hapa ndipo penye hasara yetu ya kipekee. Uanikaji huangukia Mei na Juni, wakati mikorosho inaanza kupigwa salfa kwa ajili ya ubwiriunyeunye, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga. Vumbi lile likitua kwenye rozela, mnunuzi atalinusa. Muulize jirani anapuliza lini, na asubuhi hiyo ingiza chanja ndani.