Namna ya kukaa kanisani ukiwa umeumizwa na waumini wenzako

Wengi wanaokuja kwangu wakitaka kuhama usharika hawana ugomvi na Mungu. Ugomvi ni wa sare za kwaya, hesabu za jengo, au jina lililorukwa kwenye matangazo. Mimi ni mzee wa kanisa, mama wa Kilutheri huku Moshi, na huwa ninawaomba kwanza wausome Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho wote kwa mkao mmoja. Kanisa lile lilikuwa na kundi la Paulo na kundi la Apolo, waumini wakishtakiana mahakamani, na kwenye chakula cha Bwana huyu ana njaa, yule amelewa. Hata hivyo Paulo, kabla hajakemea lolote, anamshukuru Mungu kwa neema waliyopewa watu haohao. Nawe fanya hivyo. Kabla ya kumkabili aliyekuumiza, taja mbele za Mungu jambo moja jema lililokufikia kupitia kwake. Ukilikosa, bado hujamjua, mtembelee.

Usikose jumuiya, ile ibada ndogo ya majirani nyumbani kwa mmoja wao. Jumapili unaona mavazi na kusikia sauti; kwenye jumuiya, sebuleni kwa mtu, ndipo unapojua nani anaumwa na nani kakosa ada ya mtoto. Mama aliyenipinga vikali kikaoni, mbele ya watu, ndiye aliyetangulia kufika kwetu tulipofiwa, akakaa jikoni akimenya ndizi mpaka usiku. Hakuniomba radhi kwa maneno yale, wala sikumdai. Neema ilinifikia kwa mikono ya mtu niliyekuwa nikimkwepa.

Subiri pia mnada baada ya ibada, sadaka za vitu zinapouzwa. Asiye na fedha ameleta mayai au mkungu, mwenye nazo ananunua, na mara nyingine anamkabidhi bibi aliyekaa pembeni.

Ukikosewa, Mathayo 18 imepanga hatua: mwende ninyi wawili tu, asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili, kisha ndipo kanisa. Ukianzia kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, umeruka hatua mbili.

Lakini kuna mambo ambayo hayasubiri hatua hizo. Sadaka ikiibwa, baraza la wazee liambiwe. Mtoto akidhulumiwa kimwili, nenda siku hiyohiyo kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, hata mhusika akiwa mtumishi wa madhabahuni. Kumnyamazisha mtoto kwa jina la msamaha ni kumdhulumu mara ya pili.

Ikibidi kuhama, hama. Paulo na Barnaba walitengana kwa kutoelewana juu ya Marko, mwenzao katika utumishi, na baadaye Paulo huyohuyo anamwandikia Timotheo amlete Marko, maana anamfaa kwa utumishi. Kwa hiyo omba barua ya utambulisho kwa mchungaji, maliza ahadi yako ya sadaka ya bahasha, waage watu wa jumuiya nyumba kwa nyumba, na namba zao za simu usizifute.