Kabla Hujanunua Gunia la Kwanza

Ramadhani ikikaribia, simu yangu hapa Malindi hailali. Mdogo wangu aliye Leicester anataka achari ya maembe na bizari ya pilau. Shemeji yuko Maskati, anataka ng'onda (samaki mkavu) na ukwaju. Na katikati ya maagizo hayo huwa anaingia kijana mmoja au wawili: "Shangazi, nataka kuanza kupeleka vyakula vyetu nje niuze, nianzie wapi?" Nikimuuliza amefika wapi, mara nyingi nasikia ameshanunua. Gunia mbili za ufuta ziko chini ya kitanda, debe kumi za mabuyu ziko kwa mamake, na sasa ndipo anatafuta njia ya kuzitoa.

Mimi namrudisha nyuma, tena kwa upole, maana pesa hizo mara nyingi ni za kukopa. Biashara hii hununuliwa kutoka mwisho. Kwanza ujue nani atapokea kule, mlango wa nchi yake unaruhusu nini, rafuni kitakaa miezi mingapi. Ukishajua hayo ndipo unaenda sokoni.

La kwanza kabisa ni kutenganisha zawadi na biashara. Msafiri kubeba kilo tano za bizari katika begi lake la kilo 23 ni jambo moja. Ukiziuza kilo zilezile, sheria inakutazama kwa jicho jingine. Kule Uingereza, kwa mfano, anayeuza chakula, hata akiwa jikoni kwake, hutakiwa kujiandikisha na halmashauri ya mtaa wake siku 28 kabla ya kuanza. Mpokeaji wako ndiye muagizaji mbele ya sheria; mzigo ukizuiwa ni yeye atakayeitwa. Kama huyo ndugu yako hajui hilo, au anasema "wewe tuma tu, nitajua la kufanya," usinunue kitu. Subiri ajiandikishe.

Sasa tuje kwenye vitu vyenyewe, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoumia.

Halua ya Lamu wanaililia wote walioko nje, lakini ikiwa imepikwa kwa samli, ndani yake mna maziwa. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya hazichezi na maziwa wala nyama kutoka kwetu. Muulize mpishi ametumia nini, na kama ni samli, iache ibaki ya harusi na Idi za hapa.

Papa mkavu ndiye anayenihuzunisha zaidi, kwa sababu ni chakula chetu cha asili na hakuna mchuzi wa nazi unaomzidi. Lakini papa wengi sasa wamo katika mkataba wa CITES unaolinda viumbe walio hatarini. Wale wenye kichwa cha nyundo waliorodheshwa 2013. Kisha, katika mkutano wa Panama wa Novemba 2022, familia nzima ya Carcharhinidae, ambamo wamo papa wengi wanaovuliwa mwambao huu, iliwekwa katika orodha ya pili, na kanuni ikaanza kufanya kazi Novemba 2023. Maana yake, kipande cha papa hao kinachovuka mpaka kibiashara kinataka kibali, na hapa Kenya kibali hicho kiko mikononi mwa KWS, shirika la wanyamapori. Nyama ikishakaushwa huwezi kuonyesha ilikuwa ya papa gani. Nilimwambia shemeji wa Maskati kwamba papa sitampelekea tena, akanuna mwezi mzima. Hata ng'onda ya samaki wengine, ukiipeleka Ulaya kuuza, lazima itoke kwenye kiwanda kilichoidhinishwa. Ile iliyoanikwa juu ya vichanja kule Kizingitini, Lamu, hata iwe safi namna gani, haina karatasi hiyo.

Maembe mabichi na mabivu usiyafikirie mwanzoni. Nzi wa matunda anayeitwa Bactrocera dorsalis alionekana Kenya kwa mara ya kwanza 2003, hapahapa pwani, na kwa sababu yake Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya 2014, ikarejea 2021 kwa masharti makali. Embe letu la ngowe lina sifa yake, lakini kwa mtu anayeanza, ngowe liende ng'ambo likiwa achari. Kwa jumla, tangu Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unataka cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila tunda na mboga mbichi. Matunda matano tu yamesamehewa: ndizi, nanasi, nazi, tende na duriani. Nazi imo, ndugu zangu! Nazi kavu iliyofuliwa vizuri ni mzigo wa kuanzia, ila ni mzito.

Mabuyu ndiyo kila mtu hukimbilia, na ni kweli yanapendwa. Unga mkavu wa ubuyu ulikubaliwa kuingia Umoja wa Ulaya kama chakula kipya mwaka 2008. Shida ni yale ya kupikwa kwa sukari, iliki na rangi nyekundu. Rangi hiyo ni ipi? Ukimuuliza mpishi atakuonyesha kijikopo kisicho na jina, kimepimwa dukani kutoka mkebe mkubwa. Tangu Julai 2010, rangi sita za kutengenezwa, zikiwemo tartrazini na kamoizini, zikitumika katika chakula kinachouzwa Ulaya, lebo lazima ionye kwamba huenda zikaathiri utulivu na umakini wa watoto. Hizo angalau zinaruhusiwa. Kuna nyingine, kama rodamini B ya kutilia nguo, zisizoruhusiwa katika chakula popote palipo na akili. Na hata bizari na pilipili za unga hupimwa: mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani mamia ya vyakula kwa sababu ya pilipili moja iliyotiwa rangi ya viwandani iitwayo Sudan. Mimi nilikaa na mama anayenipikia mabuyu, nikamnunulia rangi yenye jina na namba kwenye mkebe. Baadaye tukaanza kupika nusu bila rangi kabisa. Ni ya kahawia, hayapendezi macho, lakini watu wa Leicester walimaliza hayo kwanza.

Kwa wa Ghuba, jihadhari na khashkhash. Mbegu hiyo ni marufuku Imarati, kwa kuwa hutoka kwenye mmea wa afyuni. Kama fundi wako huitia kwenye viungo vyake vya kusaga, mwambie aiache. Miraa nayo usiipakie kwenye mzigo wa chakula kwa kumhurumia mtu yeyote. Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014, na Ghuba huko si mchezo.

Ukishajua kinachopita, adui anayefuata ni maji. Nasema maji nikimaanisha unyevu uliofichama ndani ya kitu kinachoonekana kikavu. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua ufuta wa kutoka Hindi na Mpeketoni, Lamu bara, mwezi wa Mei, katikati ya masika, kwa sababu bei ilikuwa imeshuka. Ulionekana mzuri. Nikaufunga kwenye mifuko ya nailoni, nikaziba kwa joto, nikajisifu. Ulipofika kule ulikuwa na harufu ya stoo ya zamani na ukungu mweupe pembeni. Mizigo ikipakiwa bandarini Kilindini, Mombasa, katika joto, halafu meli ikaingia kwenye bahari ya baridi, mvuke ulio ndani ya kontena hugeuka matone juu ya bati na kuidondokea shehena. Ikiwa chakula chenyewe kina unyevu, kinajinyeshea.

Na ukungu si suala la harufu tu. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haionekani, haina ladha, na haitoki kwa kuosha wala kupika. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 nchini mwetu, wengi wao Ukambani. Karanga, mahindi, pilipili kavu na viungo vya kusaga ndivyo vinavyoathirika sana. Kenya inaruhusu jumla ya sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni; kwa karanga za kuliwa moja kwa moja Ulaya inaruhusu 4. Kwa hiyo karanga zinazouzika halali hapa zinaweza kuteketezwa bandarini kule. Mzigo wako wa kwanza wa karanga au pilipili upeleke sampuli maabara kabla ya kununua wote, hata ikila faida.

Pana kipimo cha nyumbani cha nafaka ambacho hakina gharama. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia chumvi kavu kidogo na viganja viwili vya mahindi, funga, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, nafaka haijakauka. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na ufuta unataka ukavu zaidi ya hapo kwa sababu una mafuta mengi. Nunua vitu vya kukausha wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, jua likiwa kali. Ndio wakati wa maembe ya achari pia. Kusi likiingia na mvua zake, kazi yako iwe kufungasha vilivyokwisha kauka.

Juu ya vipimo niseme haraka. Hapa tunanunua kwa debe, kwa pishi, kwa gunia la lumbesa. Kule unauza kwa gramu. Nenda na mizani yako, pepeta kwa ungo kabla ya kupima, uone mchanga na mawe ni kiasi gani. Hesabu bei ya kilo safi.

Nauli ya ndege nayo haitazami uzito peke yake. Wanapima urefu, upana na kimo kwa sentimita, wanazidisha, wanagawa kwa 6000, kisha wanatoza kilicho kikubwa kati ya hesabu hiyo na kilo za mizani. Katoni ya 60 kwa 40 kwa 40 inahesabiwa kilo 16. Ukiijaza kachiri za muhogo, vile vipande vyembamba vya kukaanga, zenye kilo 5, umelipia kilo 11 za hewa. Ijaze bizari na ukwaju uliogandamizwa, uzito utafika. Ndiyo maana kachiri zinapendwa lakini ni watumaji wachache wanaoziweza. Ukienda kwa meli ukitumia mbao za kupangia mzigo, ziwe na muhuri wa kutiwa joto, nyuzi 56 kwa nusu saa. Mbao za mtaani bila muhuri zinaweza kurudisha shehena nzima.

Karatasi za upande wetu hazitishi kama watu wanavyosema: leseni ya kaunti, PIN ya KRA, cheti cha KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea, kwa mazao ya mimea, cheti cha asili ya bidhaa kwa nchi tulizo na mkataba nazo, na wakala wa forodha mwenye leseni. Huyo wakala mtafute kwa kuuliza watu watatu waliofanya naye kazi. Wakala wangu mmoja alitia "viungo mbalimbali" kwenye hati badala ya kuorodhesha kila kitu kwa jina lake, na mzigo ukakaa siku kumi na tisa. Tangu hapo naandika orodha mwenyewe naye anainakili.

Lebo ifikirie kabla hujaagiza mifuko. Kila pakiti iwe na viambato vyote, uzito, tarehe, jina la aliyetengeneza na anwani ya mwagizaji, kwa lugha ya nchi hiyo. Ghuba wanataka Kiarabu. Ufuta, karanga, korosho na samaki lazima vionekane wazi kwa ajili ya wenye mzio. Marekani nako ufuta umewekwa kwenye orodha hiyo tangu Januari 2023. Halafu weka namba ya fungu. Achari yangu hutoka kwa akina mama watatu, na kabla ya namba nilikuwa naichanganya. Siku chupa moja ilipovimba, sikujua ni ya nani, nikatupa zote, za mama wawili wasio na kosa zikiwemo. Sasa kila mmoja ana herufi yake, na nimenunua karatasi za kupimia ukali wa siki. Achari inayovuka pH 4.6, yaani isiyo kali vya kutosha, haiondoki nyumbani.

Ukinunua Lamu, hesabu njia. Mzigo unatoka Langoni kwa punda hadi gatini, unapanda mashua hadi Mokowe, upande wa bara, ndipo upate basi au lori. Tumia ndoo zenye mfuniko wa kukaza kwa chochote chenye mafuta, kwa kuwa maji ya bahari hurukia. Mto Tana ukifurika, kama ulivyofanya mwishoni mwa 2023, barabara ya Garsen hukatika. Usimuahidi mtu tarehe ya Ramadhani ikiwa mzigo wako bado uko kisiwani.

Pesa igawe mafungu: ya bidhaa, ya usafiri, ya karatasi na maabara, na moja isiyoguswa ya kuzuiliwa bandarini. Akina mama wanaokupikia walipe taslimu siku ya kuchukua. Usiwaambie wasubiri mzigo uuzike, maana wao wamenunua mafuta na pilipili kwa pesa ya chakula cha watoto. Wala usikombe soko lote la kunde au unga wa muhogo wiki mbili kabla ya mfungo. Jirani yako naye atafuturu.

Kisha tuma katoni moja. Moja tu, yenye kila aina uliyokusudia kuuza, kwa njia ileile utakayotumia baadaye, kwa karatasi zilezile. Bakisha pakiti pacha za kila kitu hapa nyumbani kwenye kabati. Mpokeaji akifungua ya kwake, nawe fungua ya kwako siku hiyohiyo, mnuse, muonje, mpime tena, mkiwa kwenye simu pamoja. Rudieni baada ya miezi mitatu. Pakiti zangu za sasa nazifungua Jumamosi hii.