Namna ya Kuziba Mapengo ya Shule ya Lazima Nyumbani na Mtaani

Sheria ya elimu ya lazima, tangu ile ya Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani, ya mwaka 1763 hadi hizi za leo, humlazimisha mtoto kuhudhuria, lakini haina uwezo wa kumlazimisha kuelewa. Ndiyo maana daftari la mahudhurio linaweza kukamilika mwaka mzima huku mwanafunzi akiwa bado hajui kusoma, na anayepaswa kuligundua hilo mapema ni mzazi au mlezi.

Anza kwa kupima mwenyewe, bila kungoja ripoti ya mwisho wa muhula, ambayo aghalabu hueleza mtoto ni wa ngapi kuliko inavyoeleza anajua nini. Chukua kitabu cha darasa alilokwisha kulipita, mwambie asome ukurasa mmoja kwa sauti, kisha funga kitabu na umwombe akusimulie nani alifanya nini na kwa sababu gani. Akisoma bila kukwama lakini akashindwa kusimulia, anatamka maneno tu. Na mtoto wa namna hii ndiye asiyegundulika darasani, kwa kuwa mwalimu mwenye wanafunzi wengi akisikia usomaji ulionyooka humwita mwingine. Huyo asomewe hadithi fupi kila jioni na kuulizwa maswali katikati ya usomaji. Anayekwama katika maneno yenyewe arudishwe kwenye silabi, dakika chache kila siku, wala asikemewe mbele ya wenzake.

Hesabu zipimwe kwa kazi halisi: akadirie urefu wa meza, kisha aupime kwa futikamba na kueleza alikosea kwa kiasi gani.

Shule hupanga watoto kwa umri, hivyo nafasi ya mtoto kujifunza kutoka kwa watu wazima hutafutwa mtaani. Mwombe seremala, mshonaji au mkulima mnayemwamini akae na mtoto saa chache mwishoni mwa juma, mkikubaliana tangu mwanzo atafundishwa nini, ili asigeuzwe kibarua wa bure.

Hatimaye mwendee mwalimu. Ibara ya 26 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inataka elimu ya msingi iwe ya lazima, na papo hapo inawapa wazazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao. Kwa hiyo huendi kuomba hisani. Nenda na kile kitabu, mwonyeshe ukurasa uliomshinda mtoto, na mpange tarehe ya kumpima tena.