Kutoa bei ya dola kwenye dawati la benki: anza na mzigo ulio nao

Ukikaa kwenye dawati la fedha za kigeni la benki jijini Nairobi, kazi yako ya kwanza si kubashiri shilingi inaelekea wapi. Kabla hujajibu simu, jua una dola ngapi mkononi (huo ndio mzigo wako) na kikomo chako cha kushika dola ni kipi.

Tuseme unanunua dola kwa shilingi 129.20 na kuuza kwa 129.50. Mteja anakuuzia dola milioni 1. Ukipata mnunuzi kwa 129.50, faida ni shilingi 300,000. Soko likiporomoka ukalazimika kuuza kwa 128.80, umepoteza 400,000. Kwa hiyo shusha bei zote mbili papo hapo: 129.10 na 129.40. Wanunuzi watavutika, wauzaji watasita. Wengi hukosea hapa: hupanua tu pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza, wateja wakahamia kwingine na mzigo ukabaki palepale.

Kisha mwangalie anayeuliza. Mwagizaji anayelipa ankara mpe pengo jembamba. Benki nyingine inayotaka kiasi kikubwa ghafla huenda ina oda usiyoijua. Toa kiasi kidogo. Karibu na tarehe 20, kodi ya ongezeko la thamani inapolipwa, tarajia kampuni kuuza dola zipate shilingi, hivyo usifike siku hizo ukiwa umejaza dola.

Ingiza kila dili mara moja, na usome tena upande wake. Ukinunua milioni 1 ukaandika umeuza, mfumo utaonyesha upungufu wa milioni 1. Utanunua nyingine kuuziba, na kumbe sasa umebeba milioni 2.