Bustani ya Nyumbani: Lisha Udongo Kwanza, Dawa Baadaye

Ukishika barabara ya Kisumu kwenda Busia, kuanzia Maseno hadi Luanda utaona mmea wa tithonia umejaa kandokando, maua yake ya njano yamechomoza juu ya ua wa boma baada ya boma. Ikizidi hufyekwa, ikaachwa ikauke au ikachomwa. Ingia ndani ya boma hilo hilo ukutane na sukuma wiki iliyodumaa, majani ya chini yamekuwa manjano, na mwenyewe anauliza ni dawa gani ya duka itakayoiokoa. Mara nyingi hakuna, maana mmea una njaa, na chakula chake ndicho kilichochomwa pale uani.

Watafiti waliofanya majaribio magharibi mwa Kenya miaka ya 1990 walilipima jani la tithonia. Likikaushwa, takriban asilimia 3.5 ya uzito wake ni naitrojeni, asilimia 4 ni potasiamu na asilimia 0.37 ni fosforasi. Hivi vyote ni chakula cha mmea. Hiyo fosforasi inaonekana kidogo, lakini kwa jani la mmea ni nyingi, na ndiyo inayopungua sana kwenye udongo mwekundu wa Vihiga, Siaya na Kakamega. Kata majani na vitawi laini, mashina magumu uyaache. Katakata kwa panga, tandaza kilo 2 hadi 3 kwa kila mita moja ya mraba, kisha ufukie kwa jembe. Majani huoza upesi, kwa hiyo baada ya wiki moja au mbili unaweza kupandikiza miche yako.

Lakini tithonia si jamii ya kunde, inayovuta naitrojeni kutoka hewani. Yenyewe inaikusanya tu kutoka kwenye udongo wa pale iliposimama. Ndiyo maana nasisitiza ibaki kwenye ua na kando ya njia, isiachwe iote ndani ya bustani, na usifyeke upande mmoja tu wa ua msimu baada ya msimu.

Samadi nayo tunaipoteza wenyewe. Lundo la samadi ya ng'ombe lililoachwa wazi hupigwa na jua la Februari, halafu mvua ya Machi ikafagia kilichobaki hadi mtaroni. Ile harufu kali inayowasha pua ukilichokora ni naitrojeni inayoruka hewani. Lifunike kwa majani ya ndizi au gunia kuukuu, liweke kivulini, na usichanganye na jivu, kwa sababu jivu huiharakisha naitrojeni kutoroka. Jivu lina kazi yake kwenye udongo wenye asidi: konzi moja kwa mita ya mraba, si kila wiki. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano hauna haja nalo. Samadi ya kuku ikiwa mbichi huunguza mizizi, iache ioze miezi 3 kwanza. Na mboga zinazoliwa mbichi, kama dania, zisikaribiane kamwe na samadi mbichi ya mnyama yeyote.

Kwa mboji, panga tabaka la vitu vikavu kama mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, tabaka la majani mabichi, samadi kidogo, kisha udongo kiasi. Nyunyiza maji kila tabaka. Chomeka fimbo ndefu katikati. Baada ya siku chache ichomoe uishike: ikiwa ya moto, kazi inaendelea, ikiwa baridi na kavu, ongeza maji, ikinuka uvundo, maji yamezidi, pindua lundo lipate hewa. Lipindue kila baada ya wiki 3, na kwa miezi 3 hivi utakuwa na kitu cheusi kinachopukutika mkononi. Walio karibu na Dunga na fuo nyingine za Ziwa Victoria wanaweza kutumia magugu maji, ila yasitolewe karibu na mifereji ya maji taka, kwa sababu mmea huo hufyonza madini yenye sumu. Yaanikwe nchi kavu kwanza, kisha yaingie kwenye lundo lenye joto, kwani mbegu zake huishi miaka mingi.

Matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo, hupatikana bila shida huku kwetu. Upande wa Kibos na Muhoroni kuna majani makavu ya miwa yanayochomwa bure, Ahero kuna mabua ya mpunga. Tandaza unene wa sentimita 5 hadi 10, acha nafasi kuzunguka shina lisioze. Udongo wa Kano ukikauka hupasuka na kukata mizizi, na matandazo ndiyo kinga nafuu kuliko zote. Penye mchwa wengi weka kidogo kidogo na ukague. Wakati wa masika, kwenye maeneo yanayotuama maji, inua vitanda.

Usipande sukuma wiki peke yake. Utafiti umeonyesha kwamba harufu ya saga (mgagani) hufukuza utitiri mwekundu, vijidudu vinavyofyonza majani, kwa hiyo mstari wa saga kando ya nyanya una faida mbili, moja ikiwa ya sufuria. Mboga ya mitoo na kunde huongeza naitrojeni udongoni. Ukivuna nyanya, pale pale usipande managu, biringani wala viazi: ni jamii moja, na magonjwa yao na minyoo fundo, ile inayotia mizizi vinundu, ni yale yale.

Sasa wadudu. Asubuhi, kabla jua halijapanda, geuza jani la sukuma. Utawakuta vidukari wa kijivu wamejazana kwenye mshipa wa kati. Usikimbilie chupa. Angalia kama kati yao kuna waliovimba, rangi ya kahawia, wamegandamana na jani hawasogei. Hao wameshakufa: nyigu mdogo sana ametaga ndani yao, na mtoto wake atatoka atafute wengine. Mtafute pia yule mdudu mviringo mwekundu mwenye madoa meusi. Kiwavi wake hafanani naye hata kidogo, ni mweusi mrefu mwenye madoa ya machungwa, na wakulima wengi humponda wakidhani ndiye adui, kumbe kila siku anakula vidukari kwa wingi. Ukiwaona hawa wawili, pangusa vidukari kwa kidole au chuma jani lililozidiwa, uwape wasaidizi wako wiki moja. Ukinyunyiza sumu, hata ya mimea, utawaua hao kwanza, na vidukari watarudi kabla yao.

Wakizidi kweli, tumia maji ya sabuni: kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, isiwe sabuni ya unga. Lenga chini ya majani, jioni, kwani sabuni humuua mdudu inayemgusa tu. Jaribu kwenye mmea mmoja kwanza. Viwavi wanaotoboa majani wanahitaji mwarobaini. Twanga gramu 50 za kiini cha mbegu kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, nyunyizia jioni kwa sababu jua huivunja nguvu. Majani ya mwarobaini yanafaa pia ingawa ni dhaifu.

Kuna dawa mbili za kienyeji ambazo nawasihi muziache. Maji ya tumbaku yana nikotini, sumu kali kwa nyuki na kwa anayenyunyiza, nayo hupenya ngozini; tumbaku yenyewe inaweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya. Mmea wa utupa nao huua samaki, na ndiyo kazi uliyotumiwa tangu zamani. Mvua moja inatosha kuusomba kutoka bustanini hadi kijitoni, na vijito vyetu vinaishia ziwani, kule omena na ngege wanakovuliwa.

Mchanganyiko wa mwarobaini utengeneze unaokutosha jioni hiyo, usiuweke kwenye chupa ya soda ambayo mtoto anaweza kuiinua akanywa, na mboga uliyoinyunyiza ioshe vizuri kabla ya kuipika.