Jua Ndani ya Chupa ya Chai: Jinsi ya Kuonyesha Safari ya Nishati Katika Seli

Nimefundisha baiolojia hapa Kisumu miaka mingi, na kosa moja halikosi kwenye karatasi za mtihani: mwanafunzi anaandika kwamba mimea hufanya usanisinuru (kujitengenezea sukari kwa mwanga wa jua), wanyama ndio wanaopumua. Mmea nao hupumua, yaani huvunja chakula ili kupata nishati, mchana na usiku, kila seli yake iliyo hai. Nimelieleza hilo ubaoni mara nyingi bila kufika popote. Linaloeleweka ni jaribio la chupa mbili za chai na nusu kilo ya maharagwe. Vitabu vingi huanza na jani. Mimi naanza na maharagwe, kwa sababu joto mtu hulisoma mwenyewe kwenye kipimajoto.

Hatua ya 1: Andaa maharagwe

Nunua rosekoko kavu. Mimi huyapata soko la Kibuye, na huyachagua moja moja nikitoa yaliyotobolewa na fukusi. Yaloweke saa 24, kisha yagawe mafungu mawili sawa. Fungu moja lichemshe dakika 15 mbegu zife, uliache lipoe kabisa.

Hatua ya 2: Ua vijidudu

Hatua hii usiiruke. Mwaka wangu wa kwanza niliiruka. Siku ya tatu chupa ya maharagwe yaliyochemshwa ilikuwa na joto kuliko ile ya mbegu hai, na nilipotoa pamba harufu ya uozo ikajaa chumba. Bakteria walikuwa wamezivamia mbegu zilizokufa, na bakteria nao hupumua na kutoa joto. Kwa hiyo changanya sehemu moja ya dawa ya kutoa madoa (bleach) na sehemu tisa za maji, loweka kila fungu humo dakika 10 ukiwa umevaa glavu, halafu suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa.

Hatua ya 3: Jaza chupa

Jaza kila chupa hadi robo tatu. Ingiza kipimajoto, ncha yake izame katikati ya mbegu, kisha ziba mdomo kwa pamba. Usitumie kizibo, kwa maana mbegu zinahitaji oksijeni. Zipindue chupa midomo ikitazama chini na uzishikize kwenye stendi, ili hewa ukaa, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, ishuke na kutoka kupitia pamba. Soma joto asubuhi na jioni kwa siku tatu.

Hatua ya 4: Uliza joto limetoka wapi

Chupa ya mbegu hai itapanda joto. Ile nyingine itabaki karibu na joto la chumba. Hapo ndipo darasa linapoanza kuuliza maswali, na hapa usiwe na haraka.

Ndani ya mbegu, wanga huvunjwa kuwa sukari, na glukosi, ambayo ni sukari rahisi, hukatwa vipande viwili nje ya mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyotoa nishati kwenye chakula. Vipande hivyo huingia mitokondria, kaboni yake ikitoka kama hewa ukaa. Elektroni zake hupokezanwa hatua kwa hatua hadi kwa oksijeni, na maji hutokea. Katika kupokezana huko protoni husukumwa upande mmoja wa utando wa ndani wa mitokondria. Zinaporudi hupitia kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia) kinachozunguka kweli kweli, kama gurudumu la kinu cha maji, na mzunguko huo ndio unaotengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Wanasayansi Paul Boyer na John Walker walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997 kwa kueleza jinsi kimeng'enya hicho kinavyofanya kazi.

Piga hesabu ubaoni. Moli moja (kipimo cha wingi wa molekuli) ya glukosi ina takriban kilojuli 2,870 za kutolewa. Seli hupata ATP kama 30 kwa kila molekuli ya glukosi, na kila moli ya ATP ni kilojuli 30 hivi: jumla 900, yaani karibu theluthi moja. Zinazobaki ni joto, ndilo hilo kwenye kipimajoto. Mwanafunzi akiandika kwamba upumuaji huumba nishati, mrudishe kwenye hesabu hii.

Hatua ya 5: Sasa nenda kwenye jani

Weka mmea wa chungu gizani siku mbili wanga uishe. Funika sehemu ya jani kwa karatasi ya foili pande zote mbili, kisha uuanike mmea juani tangu asubuhi hadi alasiri. Chuma jani, lichovye kwenye maji yanayochemka. Zima moto kwanza, ndipo uliweke ndani ya spiriti, chombo cha spiriti kikiwa ndani ya maji moto. Spiriti hushika moto upesi. Jani likipauka, lisuuze kwa maji ya uvuguvugu na udondoshee iodini. Palipopigwa na jua pataiva buluu nyeusi, palipofunikwa patabaki hudhurungi.

Kwenye kloroplasti, vijisehemu vya kijani ndani ya seli za jani, mwanga hupasua maji. Oksijeni tunayovuta hutoka kwenye maji hayo, wala si kwenye hewa ukaa; wanasayansi Ruben na Kamen pamoja na wenzao walilionyesha hilo mwaka 1941. Nishati ya mwanga hutumika kujenga sukari kutokana na hewa ukaa, na sukari ya ziada huwekwa akiba kama wanga.

Sasa rudi kwenye chupa. Joto ulilosoma ni jua lililowaka shambani maharagwe yalipokuwa yakijaa maganda. Hewa ukaa iliyotoka kwenye pamba inaweza kuingia tena kwenye jani lolote pale nje. Joto lenyewe limepotelea hewani, na hakuna jani litakalolitumia tena kutengeneza sukari. Ndiyo maana kila asubuhi mmea unahitaji jua jipya.

Maharagwe yaliyobaki usiyapike, yamelowekwa dawa. Yale hai yapande nyuma ya maabara.