Mwanagenzi na NSSF: Jinsi ya Kupata Hifadhi ya Jamii Ukiwa Kwenye Mafunzo ya Kazi Uganda

Kinachoamua kama una hifadhi ya jamii wakati wa mafunzo ni karatasi uliyosaini, pamoja na nani anayekulipa. Jina la mradi wa mafunzo halisaidii kitu. Sheria ya Ajira ya 2006 inamhesabu mwenye mkataba wa uanagenzi kuwa mfanyakazi, kwa hiyo anayejifunza ushonaji kwenye karakana kwa mkataba na malipo ya mwezi anastahili kuchangiwa kwenye NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii) sawa na fundi mkuu. Aliyetumwa na chuo kwa wiki chache, akapewa nauli na chakula cha mchana tu, kwa kawaida hachangiwi. Huyo njia yake ni mchango wa hiari.

Anza na mkataba

Hakikisha una majina yako kama yalivyo kwenye Ndaga Muntu (kitambulisho cha taifa), tarehe ya kuanza, kiasi cha malipo na jina la anayelipa. Hilo la mwisho ndilo huleta kesi. Mradi unatoa posho, karakana inasema huyu si wangu, mradi nao unasema sisi ni wafadhili tu. Waulize wote wawili kabla ya kuanza, na jibu liandikwe. Kama una ulemavu na kuna mkalimani wa lugha ya alama au msaidizi, mweleze akusomee mkataba wote kabla ya kusaini.

Jisajili

Unahitaji namba ya kitambulisho cha taifa (NIN) na namba ya simu. Unaweza kutumia programu ya NSSFGo, kupiga *254#, au kufika tawini. Makao makuu yako Workers House, Kampala. Kwa mtu asiyeona vizuri au asiyesikia, tawi mara nyingi ni rahisi kuliko simu.

Ikiwa uliwahi kufanya kazi na kupewa namba ya uanachama, mpe mwenye kazi mpya namba hiyohiyo. Ukijisajili upya, akiba yako inagawanyika na kuiunganisha ni kazi ya ziada. Tatizo jingine ni majina: NIRA (mamlaka ya vitambulisho vya taifa) wana "Mohamed", mwajiri kaandika "Muhammad", na tarehe ya kuzaliwa inatofautiana. Rekebisha mapema, maana tarehe hiyo ndiyo itakayotumika kuamua umri wako siku ya kudai. Laini ya simu iwe yako, si ya mjomba.

Fuatilia mchango kila mwezi

Mchango wote ni asilimia 15 ya mshahara kabla ya makato: 5 kwako, 10 kwa mwajiri. Ukilipwa shilingi 300,000, unakatwa 15,000 na mwajiri anaongeza 30,000 za mfukoni mwake, jumla 45,000. Akikukata zote 45,000, anavunja sheria. Anatakiwa kupeleka kabla ya kupita tarehe 15 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo angalia salio lako baada ya siku hiyo. Slipu ya mshahara inaonyesha ulikatwa. Haionyeshi kama pesa ilifika.

Utasikia, "Sisi tuko watatu tu, NSSF si yetu." Hiyo ni habari ya zamani. Tangu marekebisho ya sheria ya 2022, mwajiri wa sekta binafsi anachangia hata akiwa na mfanyakazi mmoja. Akikataa, peleka mkataba na slipu zako tawini.

Usiye na mwajiri unaweza kujiwekea mwenyewe kupitia SmartLife Flexi, mpango wa hiari wa NSSF, kuanzia shilingi 5,000. Ni vizuri kwa aliyemaliza mafunzo na bado anatafuta kazi.

Kwa mwenye ulemavu

Mwanachama mwenye ulemavu aliyefikisha miaka 40 na kuchangia kwa angalau miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 50 ya akiba yake. Wengine wanasubiri hadi umri wa miaka 45, na wanapata hadi asilimia 20. Andaa kitambulisho, akaunti ya benki yenye majina yaleyale, na uthibitisho wa ulemavu.

Watu huchanganya hili na mafao ya kutoweza kazi. Hayo ni ya mtu ambaye maradhi au majeraha yamemzuia kabisa kufanya kazi, au yamempunguzia uwezo kiasi cha kushindwa kujipatia riziki ya kutosha, na daktari lazima athibitishe. Kuwa na ulemavu huku unafanya kazi hakukupi mafao haya.

Ukiumia karakanani

Hapa wengi hukimbilia NSSF na kurudi mikono mitupu. NSSF ni mfuko wa akiba. Jeraha la kazini linalipwa na mwajiri chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2000, inayomtaka awe na bima. Mjulishe kwa maandishi mara moja, usipitishe mwezi mmoja, na ubaki na nakala. Hospitali iandike kwamba uliumia kazini, pamoja na tarehe; fomu ikisema "alianguka" tu, utabishana baadaye. Daktari atakadiria asilimia ya uwezo uliopotea. Kwa aliyepoteza uwezo wote wa kudumu, fidia ni mapato ya miezi 60, na kwa waliopoteza sehemu inapungua kulingana na asilimia hiyo. Mwajiri akikaa kimya, peleka nakala hizo kwa afisa wa kazi wa wilaya. Kama tayari ulikuwa na ulemavu, mwombe daktari aandike wazi kilichokuwepo kabla ya ajali na kilichoongezwa na ajali, la sivyo mwenye bima atasema vyote ni vya zamani.